Swali Ambalo Hukutaka Lijibiwe

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na mwalimu mwenzangu, kwamba kumwachia mtoto wa chekechea achague ni kumdekeza. Ushahidi wake: alimuuliza mtoto wa miaka 3, "Twende tukanawe mikono?" Mtoto akajibu, "Sitaki." Alipovutwa, akaangua kilio.

Mwalimu, hapo hukumpa chaguo lolote. Ulimuuliza swali, akakujibu kwa moyo wake wote, ukamgombeza kwa jibu alilotoa. Kunawa hakuna mjadala, basi usikufanye swali. Sema, "Tunakwenda kunawa." Chaguo liingie ndani ya hilo: utafungua bomba mwenyewe au nikufungulie? Na atakalolitaja, uwe tayari kulipokea bila kununa. Kama hukuwa tayari, usingelitaja. "Kusanya vibao au hutoki kucheza" nalo ni tishio tu, na mtoto analijua hivyo kabla hujamaliza kusema.

Jambo jingine linaloniudhi ni kutegemea mdomo peke yake. Muulize mtoto wa miaka 2, "Nyekundu au bluu?" Mara nyingi atarudia neno la mwisho. Geuza mpangilio, na jibu nalo linageuka, kisha tunamwita kigeugeu! Mwonyeshe krayoni zenyewe, aiguse anayoitaka. Kwa sababu hiyo nang'ang'ania rafu fupi zilizo wazi. Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia, alifungua darasa lake Roma mwaka 1907. Siku moja kabati likasahauliwa bila kufungwa, watoto wakajichukulia vifaa. Mwalimu wao aliona wizi; Montessori aliona watoto wanaojua wanachotaka, akaleta makabati mafupi ya wazi.

Idadi? Vitu viwili vinatosha. Kwa wa miaka 5, hata vitatu.

Mtoto akishapandwa na hasira, mimi simpi chaguo. Nakaa karibu naye, nanyamaza. Wapo pia wanaoganda hata mbele ya vitu viwili. Mmoja wa darasa langu nilimchagulia kila asubuhi kwa wiki kadhaa, na mpaka leo sina hakika kama nilimpumzisha au nilimchelewesha. Sasa namwachia jambo moja dogo tu, mkeka wa kukalia. Kuna asubuhi anauchukua mwenyewe, na kuna asubuhi anasimama akinitazama, nami namchukulia.