Injini iliyofumuliwa: dhana potofu na ukweli kabla ya kuipandisha kwenye gari

Injini ikiwa bado chini, yaani nje ya gari, kila kosa linarekebishika kwa spana chache. Vipimo vilivyotajwa hapa ni vya 1NZ-FE, ile ya cc 1,497 iliyomo kwenye Vitz, IST na Probox. Injini nyingine ina vipimo vyake, lakini makosa ni yaleyale.

Dhana: "Bloku imetoka kuchongwa, ni safi."

Si safi. Unga wa mawe ya kunolea hubaki ndani ya mikwaruzo ya silinda, na petroli au mafuta ya taa hayautoi vizuri. Osha kwa maji ya moto, sabuni na brashi, pitisha brashi nyembamba kwenye njia zote za oili, puliza kwa kompresa, kisha paka oili papo hapo kabla kutu haijaanza. Futa ukuta wa silinda kwa kitambaa cheupe chenye oili. Kikitoka kijivu, osha tena. Unga huo hula ringi na beringi, na ndiyo maana injini nyingine huanza kutoa moshi muda mfupi tu baada ya kufumuliwa.

Dhana: "Mkono wa fundi mzoefu unatosha kukaza hedi."

Bolti za hedi ya 1NZ-FE hukazwa Nm 29 (newton-mita) kwa toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, kisha huzungushwa nyuzi 90, kisha 90 tena, kwa kufuata mpangilio wa kutoka katikati kwenda nje. Mkono hauwezi kuhisi hayo. Kausha matundu ya bolti kwanza: oili au maji yaliyotuama humo hayabanwi, na bolti ikiyasukuma hupasua bloku.

Dhana: "Ikizungushwa na stata ikakubali, iko sawa."

Stata ina nguvu ya kupinda valvu kabla hujasikia lolote. Toa plagi zote, weka soketi kwenye bolti ya puli ya kranki, zungusha polepole mizunguko miwili kamili, kwa kuwa kila valvu hufunguka na kufunga mara moja ndani ya mizunguko hiyo. Uzito wa kufanana mwanzo hadi mwisho ni wa ringi mpya. Ikigota mahali pamoja, usilazimishe. Fungua ukague alama za cheni ya taimingi.

Hapohapo pima nafasi ya tapeti (vikombe vinavyosukuma valvu) kwa fila geji, yaani vibati vyembamba vya kupimia nafasi, injini ikiwa baridi: za kuingiza hewa milimita 0.15 hadi 0.25, za kutolea moshi 0.25 hadi 0.35. Injini hii haina shimu, vile vibati vya kurekebishia nafasi hiyo. Kurekebisha ni kubadili tapeti nzima, na kwa hiyo kamshafti inatoka. Kazi hiyo ni nyepesi zaidi injini ikiwa chini.

Dhana: "Silikoni nyingi ya kuzibia maungio huzuia kuvuja."

Inayozidi hujikunja ndani, hukatika na kuziba chujio la sampu (bakuli la oili chini ya injini). Uzi wa milimita 3 hivi unatosha.

Dhana: "Giaboksi ikigoma kukutana na injini, bolti zitaivuta."

Tunaomba sana hili lisifanyike. Kwenye giaboksi ya otomatiki, isukume toki konveta (kiungo cha mviringo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi) huku ukiizungusha. Itaingia kwa hatua, na kila hatua utaisikia. Weka rula kwenye ukingo wa giaboksi: konveta lazima iwe ndani ya ukingo huo. Injini na giaboksi zikutane kwa mkono, uso kwa uso, na konveta iendelee kuzunguka bila kubanwa. Ukivuta kwa bolti, shingo ya konveta huvunja pampu ya giaboksi.

Dhana: "Oili itapanda yenyewe ikishawaka."

Itapanda, ila beringi zitakuwa zimeshasuguana kavu. Pampu ya injini hii huzungushwa na kranki yenyewe, na ikifungwa kavu huvuta hewa badala ya oili. Wakati wa kufunga, ijaze oili au vaselini. Grisi ya kawaida haiyeyuki vizuri kwenye oili na huziba njia. Weka oili lita 3.7 pamoja na filta mpya, ongeza kwa kufuata kijiti. Stata ikishafungwa, na plagi zikiwa nje, chomoa soketi za koili na za injekta, kisha piga stata sekunde 10 na uipumzishe nusu dakika. Rudia mpaka geji ya presha ya oili ipande na uone oili kwenye kamshafti kupitia tundu la mfuniko wa kujazia oili. Baada ya mara nne au tano bila presha, acha na utafute sababu.

Dhana: "Nchi yetu ya joto, termostati itolewe."

Bila termostati injini huchelewa kupata moto, kompyuta huongeza petroli, na petroli hiyo huosha oili kwenye silinda wakati ringi mpya ndiyo kwanza zinajikalisha. Itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto: inapaswa kuanza kufunguka kati ya nyuzijoto 80 na 84. Isipofunguka, nunua nyingine.