Mgongo wa Farasi na Mbwa: Maswali na Majibu Kuhusu Kiropraktiki

Kiropraktiki ni tiba gani hasa?

Ni tiba ya mikono inayoshughulika na viungo, hasa vile vidogo vinavyounganisha pingili za uti wa mgongo. Ilianza kwa binadamu: D. D. Palmer aliianzisha mwaka 1895 mjini Davenport, jimbo la Iowa, Marekani. Kwa wanyama ilichelewa kupata utaratibu. Chama cha kiropraktiki ya wanyama cha Marekani kiliundwa mwaka 1989, na wanaofuata njia hiyo ni madaktari wa mifugo au matabibu wa kiropraktiki waliosoma kozi ya ziada.

Tabibu hupapasa mgongo pingili kwa pingili. Kila moja huibonyeza kidogo, akisikiliza kwa vidole kama kiungo kinanesa au kimekaza. Akipata kilichokaza, hukisukuma mara moja tu, upesi, kwa umbali mfupi sana, akifuata mlalo wa kiungo chenyewe. Kinachofanya kazi hapo ni wepesi wa mkono, si ubavu. Ndiyo maana mtu wa kilo 60 humudu farasi wa kilo 500, alimradi asimame juu ya kitu imara ili mkono ushuke kutoka juu.

Je, ni kweli mfupa uliohama hurudishwa mahali pake?

Si kweli, na maneno hayo yamepotosha wengi. Farasi ana pingili 7 za shingo, 18 za kifua na 6 za kiuno. Mbwa ana 7, 13 na 7. Zote zimefungwa kwa kano na misuli mizito. Pingili ikihama kweli, huyo ni majeruhi wa kupelekwa hospitali, wala hafai kunyooshwa zizini. Kinachobadilika kwa kiropraktiki ni kwamba misuli inalegea, maumivu yanapungua, na kiungo kinapata mwendo wake. Zipo tafiti za farasi zilizopima mgongo ukivumilia kubonyezwa zaidi na kupinda zaidi baada ya tiba, ila ushahidi bado ni haba, na kwa mbwa ni haba zaidi. Kwa hiyo iwe nyongeza ya matibabu ya daktari wa mifugo, isichukue nafasi yake. Uingereza hata sheria inataka tiba za mikono kwa wanyama zifanyike chini ya maelekezo ya daktari wa mifugo.

Farasi wangu hulaza masikio nyuma akifungwa tandiko, na hataki kugeukia kushoto. Nimwite tabibu wa kiropraktiki?

Mwite daktari wa mifugo kwanza, kwa sababu mgongo mara nyingi hulipa deni la kiungo kingine. Farasi mwenye maumivu ya kwato au goti la nyuma hutembea kwa kujikinga, na misuli ya mgongo hukaza. Ukinyoosha mgongo bila kugusa kwato, wiki mbili baadaye mko palepale. Meno yenye ncha kali nayo humfanya apinde shingo kukwepa lijamu.

Kisha lichunguze tandiko. Liweke mgongoni bila nguo ya chini. Sehemu yake ya mbele ikae nyuma ya mfupa wa bega, na sehemu inayobeba uzito isipite ubavu wa mwisho, kwani baada ya hapo ni kiuno, ambacho hakina mbavu za kukitegemeza. Juu ya kinundu cha mabega pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu mpandaji akiwa ameketi. Siku ya kazi, ukilivua, tazama jasho: mgongo ulioloa wote wenye kidoa kikavu kimoja unakuonyesha mahali tandiko linapokandamiza sana. Nywele nyeupe zilizoota sehemu hiyo ni alama ya kidonda cha zamani. Hapo tabibu hawezi kusaidia mpaka tandiko lirekebishwe.

Tatizo jingine ni miiba ya pingili kugusana, ile mifupa unayoihisi katikati ya mgongo. Hutokea zaidi eneo la nyuma ya kifua, pale mpandaji anapokaa, na huonekana kwa picha ya eksirei.

Siku ya tiba mambo huendaje?

Tabibu mzuri huanza kwa kuuliza historia, halafu humtazama farasi akitembea, akienda mwendo wa matiti, yaani kukimbia polepole, kwenye ardhi ngumu, akirudi kinyumenyume na akigeuka kwa duara dogo. Kazi nzima huchukua kati ya nusu saa na saa moja. Farasi huonyesha nafuu kwa kulamba midomo, kupiga miayo na kushusha kichwa. Akija mtu na nyundo ya mpira na kipande cha mbao, au akataka mnyama alazwe kwa dawa ya usingizi ili amnyooshe, mkatalie. Misuli inayomkinga mnyama ikishalegezwa kwa dawa, hakuna cha kuzuia mkono usipite kiasi.

Siku hiyo na inayofuata asipandwe. Aachwe atembee malishoni au aongozwe kwa mkono. Ugumu kidogo wa siku moja ni wa kawaida. Akichechemea, au akiwa bado na maumivu siku ya tatu, mrudishe kwa daktari.

Mimi mwenyewe nifanye nini kati ya tiba moja na nyingine?

Zoezi la karoti, na tunalisisitiza sana. Msimamishe farasi sawasawa, sehemu yake ya nyuma ikiwa karibu na ukuta ili asikwepe. Shika karoti na umfanye aifuate taratibu kwa pua: kwanza kidevu kifuani, kisha katikati ya magoti ya mbele, kisha chini karibu na kwato. Baadaye kwa pembeni: mpaka mbavuni, halafu mpaka ubavuni karibu na paja, kushoto na kulia. Mzuie sekunde chache kila mahali kabla ya kumpa. Rudia kila pozi mara 5, siku 5 kwa wiki. Farasi waliofanyiwa hivyo kwa miezi mitatu walipimwa kwa altrasaundi, na misuli midogo inayoshikilia pingili ilikuwa imenenepa. Kosa la kawaida ni kuvuta haraka: farasi ananyakua karoti, anarudi, na misuli haijafanya kazi.

Mbwa wangu ameamka anaburuta miguu ya nyuma. Kiropraktiki itamsaidia?

Hapana! Asinyooshwe na mtu yeyote. Kwa mbwa wa mwili mrefu na miguu mifupi, kama dachshund, diski kati ya pingili hukauka mapema na inaweza kupasuka ghafla, mara nyingi pale kifua kinapokutana na kiuno, ikabana ugwe wa mgongo. Kusukuma hapo kunaweza kuizamisha zaidi.

Jaribio unaloweza kufanya nyumbani ni hili: mshikilie tumboni asianguke, kisha geuza unyayo wake ili upande wa juu uguse sakafu. Mbwa mzima huurudisha mara moja. Akiuacha umepinda, neva zimeathirika. Daktari atabana kidole cha mguu kwa koleo, lakini mguu kurudi nyuma peke yake hautoshi, huo ni mwitikio tu. Anatafuta mbwa ageuke, alie au atake kung'ata, yaani habari ifike kwenye ubongo. Anayehisi bado ana matumaini makubwa akifanyiwa upasuaji. Asiyehisi kabisa, matumaini hushuka hadi karibu nusu kwa nusu, na kila saa ina thamani.

Mbebe juu ya ubao, umfunge kwa taulo. Angalia kama anakojoa, maana kibofu kikijaa lazima kikamuliwe. Daktari akiamua atibiwe bila upasuaji, ni kufungiwa kwenye kizimba wiki 4 au zaidi, akitolewa kwa haja tu, kwa mkanda wa kifuani. Usimpe ibuprofen, diclofenac wala Panadol ya nyumbani. Humdhuru tumbo, figo au ini.

Kwetu Afrika Mashariki kuna jambo la kuongeza: mbwa asiyechanjwa anayepooza ghafla, hasa akidondosha mate, huenda ana kichaa cha mbwa. Usimtie mkono mdomoni. Farasi naye akikakamaa mwili mzima, mkia umeinuka na utando wa kona ya jicho umejitokeza, ni pepopunda.

Ni wanyama gani wengine wasiguswe?

Wenye homa, mfupa uliovunjika, uvimbe wa saratani au maambukizi ya pingili. Vilevile mbwa wadogo kama Chihuahua wenye maumivu ya shingo, kwa kuwa pingili zao mbili za kwanza zinaweza kuwa zimelegea tangu kuzaliwa.

Na punda wa mizigo?

Huyo mara nyingi anahitaji sogi (tandiko la mizigo) nzuri kuliko tabibu. Weka blanketi nene lililokunjwa pande zote mbili za uti wa mgongo, katikati ubaki mfereji ili mifupa isiguswe. Mzigo ulingane kushoto na kulia, usizidi robo ya uzito wake, na kamba isipite juu ya kidonda.