Shangingi la Mtumba: Funika Odomita Kwanza

Nimetumiwa picha ya odomita tena, ile saa ya dashibodi inayohesabu kilomita, na mtu anayetafuta gari la safari za kulala porini. "Fundi, ina kilomita 68,000 tu, bado mbichi kabisa, nilipie?" Gari lenyewe ni Toyota Prado 120 ya dizeli, ya mwaka 2005. Miaka ishirini imepita, halafu unaniletea tarakimu tano za kwenye dashibodi.

Haya, tupige hesabu. Gari lililosota kwenye foleni za Tokyo kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa, likifika 68,000 injini imeunguruma saa 3,400. Lililokimbia barabara kuu kwa wastani wa 60 hufikisha saa hizohizo likiwa na kilomita 204,000. Tena hilo la pili limefanya kazi likiwa na joto lake sahihi. La kwanza limewashwa na kuzimwa kila siku, oili haikupata moto wa kukausha unyevu, na masizi yamejazana kwenye EGR, njia inayorudisha moshi ndani ya injini. Uzee bado sijaugusa. Mpira hausomi kilomita: bushi, hozi za rejeta, sili za giaboksi na mkanda wa taimingi vyote huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa.

Na odomita hurudishwa, hilo kila dalali anajua. Tazama raba ya pedali ya breki, ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango, na usukani pale mikono inaposhika. Karatasi ya mnada wa Japani, yenye alama za hali ya gari, isome yote, siyo kona ya kilomita peke yake. S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, W ni sehemu iliyonyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa, na daraja la R ni gari lililopata ajali likatengenezwa.

Kwenye dizeli ya lita 3.0, yaani injini ya 1KD, kuna taa ya T-BELT, ya mkanda wa taimingi. Huwaka mkanda ukifikia muda wake, na huzimwa kwa kubonyeza kitufe cha odomita bila mtu kugusa mkanda. Kwa hiyo taa kuzimika si ushahidi wa chochote. Mkanda wa injini hii ukikatika, valvu hugonga pistoni. Kama hakuna karatasi ya gereji yenye tarehe, hesabu kwamba haukubadilishwa na toa gharama yake kwenye bei.

Sasa nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, maana hapa ndipo watu wanapolia. Chini ya kila nozeli ya 1KD kuna washa, yaani kipete cha kuziba, ya shaba. Ikivuja, moto wa silinda hupanda juu na kuichoma oili, kaboni hushuka kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio la pampu ya oili. Presha ya oili huanguka, beringi za krenki husagika, na mwenye gari huapa kwamba oili alikuwa anabadilisha. Alikuwa anabadilisha kweli! Tatizo ni chujio ambalo hakuna aliyeshusha sampo kulitazama. Basi fika yadini bila kutoa taarifa na ushike injini kwa kiganja. Ikiwa ya moto, nenda kale, rudi baada ya muda wa saa nne. Unataka kuisikia ikiwaka baridi. Ikishapata moto, unganisha mashine ya kupima na usome masahihisho ya kila nozeli, yaani kompyuta inavyoiongezea au kuipunguzia dizeli, injini ikiwa sailensa bila kukanyagwa mafuta. Inayovuka 3, juu au chini ya sifuri, ina mushkeli.

Hata hivyo vipimo vyote vinaweza kuwa safi na pistoni ya 1KD ikapasuka mwezi ujao. Hakuna kipimo cha nje kinachokuhakikishia, na fundi anayekuapia anakuuzia maneno. Ndiyo maana mwenye bajeti finyu namwelekeza kwenye Prado ya petroli ya lita 2.7. Ni ya cheni, haina nozeli za bei mbaya. Itapanda mlima wa Kitonga ikihema, lakini itapanda.

Jambo jingine: Prado 150, toleo lililofuata 120, ya dizeli ya 3.0 haikuuzwa Japani. Ukiambiwa ya 2012 imetoka huko, uliza vizuri. Nyingi za usukani wa kulia zimetoka Uingereza, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Ingia chini na bisibisi, gonga chesisi usawa wa tairi za nyuma na kwenye vishikio vya springi. Mlio wa bati bovu utautambua. Rangi nyeusi mpya kule chini inaficha kitu.

VX, yaani Land Cruiser 100, nyingi za Japani zina AHC, mfumo wa kuinua na kushusha gari kwa mafuta na gesi. Tafuta tangi dogo la mafuta yake lenye mistari: soma gari likiwa limeshushwa LO, linyanyue hadi HI, soma tena. Tofauti ikiwa mistari 14 hivi, mipira ya gesi ni hai. Ikiwa 7, imekwisha. Wengine huing'oa AHC na kuweka shokapu za kawaida tu. Springi za AHC ni laini, gari litakaa kitako. Badilisha springi za nyuma, pamoja na torsheni ba za mbele, vyuma vinavyofanya kazi ya springi huko.

Mzigo wa safari hamuupimi kabisa. Watu wanne ni kilo 300, maji lita 60 ni kilo 60, dizeli lita 40 kwenye madumu ni 34, hema la keria 60, friji na chakula 45, spea ya pili 35. Tayari ni 534, na jiko bado. Linganisha na uzito unaoruhusiwa kwenye kadi, ukitoa uzito wa gari tupu. Kiwango cha keria kilichoandikwa kwenye kitabu ni cha gari likitembea. Likisimama hubeba zaidi, ndiyo maana watu wawili hulala juu. Maji weka ndani, chini, karibu na viti vya mbele.

Na kama utalala ndani, nenda na futi. Viti vya nyuma kabisa vya VX hujikunja ubavuni na kula upana. Ving'oe, ubaki na sakafu. Pima kutoka mgongo wa kiti cha mbele hadi mlango wa nyuma, kisha jilaze humo dakika mbili na viatu vyako mkononi. Mwenye yadi akishangaa, mwache ashangae.