Je, wajua kompyuta ya kiwanda huijuaje siku ya kubadilisha sepereta ya kompresa?

Kwenye kiwanda cha kujaza soda au maji, kompresa ya hewa hukaa chumba cha nyuma, mbali na macho ya wageni. Ikizima, mistari yote ya kujaza inasimama, kwa sababu vali na mikono ya mashine huendeshwa kwa hewa yake. Ndani ya kompresa ya skrubu inayotumia oili mna sepereta, kichujio kikubwa cha mviringo kinachotenganisha oili na hewa kabla hewa haijatoka kwenda kazini. Kwa kompresa nyingi kitabu cha mtengenezaji husema ibadilishwe kila baada ya saa 4,000 za kazi.

Kiwanda kinachotumia programu kubwa ya uendeshaji, mathalani SAP ya Wajerumani, hupata oda ya kazi, yaani agizo kwa fundi abadilishe sepereta, ikiwa tayari wiki kadhaa kabla ya siku hiyo. Hapa tunazungumzia kompresa ambayo haijaunganishwa na kompyuta kwa waya wala kwa kihisi chochote. Programu haijasikia mlio na haijaona joto likipanda. Imepiga hesabu kwa namba tatu zilizoingizwa na watu: mita ya saa (ile inayohesabu saa ambazo kompresa imefanya kazi) inasomaje, mashine inakadiriwa kufanya kazi saa ngapi kwa mwaka, na sepereta iliyomo ilifungwa mita ikisoma ngapi. Namba moja ikikosewa, skrini hubaki safi huku kompresa ikielekea kuzima.

Tuifanye hesabu yenyewe. Siku mpango wa sevisi ulipoandikwa kwenye programu, mtu alikadiria kompresa itafanya kazi saa 6,000 kwa mwaka. Programu inagawa kwa siku 365 na kupata saa 16.4 kwa siku, kwa hiyo saa 4,000 zitatimia baada ya siku 243. Kisha kiwanda kikaongeza zamu ya tatu, kompresa ikawa haizimwi usiku wala mchana. Sasa saa 4,000 zinatimia kwa siku 167. Kama hakuna anayeingiza usomaji wa mita, programu itaendelea kungoja siku ya 243, na siku hiyo sepereta itakuwa imefanya kazi saa 5,832. Dawa ni rahisi: mita isomwe na iingizwe kila wiki, siku ileile. Kila usomaji mpya huisahihisha hesabu, kwa kuwa programu huanzia hapo na kukadiria zile saa zilizobaki tu. Na makadirio ya mwaka yarekebishwe kila zamu zinapobadilika.

Kusoma mita nako kuna mitego. Anayeandika 419,000 badala ya 41,900 huifanya programu iamini kwamba mashine imezeeka kwa siku moja, na oda za sevisi humiminika. Kesho yake mtu akijaribu kuingiza namba sahihi, inakataliwa, maana mita ya saa hairudi nyuma. Usomaji mbovu lazima ubatilishwe kwanza ndipo ule sahihi uingie. Jambo la namna hiyo hutokea pia kompresa ikibadilishiwa kisanduku cha udhibiti, mita mpya ikaanza na sifuri. Mabadiliko hayo yaandikwe kwenye programu kama kubadilisha mita, yasiingizwe kama usomaji wa kawaida.

Sasa, kwa nini oda itokee kabla ya siku yenyewe? Kwa sababu ya stoo. Mpango una kiwango kinachowekwa kwa asilimia, kinachoiambia programu itoe oda mzunguko ukiwa umefika wapi. Kwenye SAP, kazi ya kukagua mipango yote na kutoa oda zilizoiva huitwa IP30, na kwa kawaida hupangwa ijiendeshe yenyewe usiku. Ukiweka asilimia 80, oda itatoka mashine ikifika saa 3,200. Zimebaki 800, yaani siku 33 kwa mashine isiyopumzika. Je, sepereta inaagizwa nje na huchukua wiki 6 kufika? Basi umeshachelewa siku 9 kabla hujaanza. Ukishusha kiwango hadi asilimia 70, oda inatoka ikiwa na saa 1,200 mkononi, ambazo ni siku 50. Wengi huacha namba waliyoikuta, kisha lawama humwangukia mtu wa stoo. Kwa maoni yetu, muda wa kuagiza spea ndio unaopaswa kuamua asilimia hiyo. Kama spea ni ya lazima kiasi hicho, weka moja rafuni daima.

Sepereta iliyopitiliza huziba polepole. Hewa inapata shida kupita, na kompresa inalazimika kujenga shinikizo kubwa zaidi ndani ili nje kutoke lilelile. Kila bar moja (kipimo cha shinikizo) ya ziada hula takriban asilimia 7 zaidi ya umeme. Tofauti ya shinikizo kabla na baada ya sepereta ikikaribia bar 1, kwa kawaida ndio wakati wa kuitoa, hata kama saa hazijatimia. Ikiachwa inaweza kupasuka, na hapo oili inasafiri na hewa hadi kwenye vali, na mahali ambapo hewa hugusa chupa tatizo linakuwa la usalama wa kinywaji.

Lakini oili kwenye hewa haimaanishi kila mara kwamba sepereta imekufa. Kuna kibomba chembamba kinachorudisha oili iliyojikusanya chini ya sepereta. Kikiziba kwa uchafu, dalili ni ileile, na fundi atabadilisha sepereta nzima bure. Hapa ndipo misimbo ya hitilafu kwenye programu inapokuwa na maana. Fundi anapofunga taarifa huchagua sehemu iliyoharibika, aina ya uharibifu na chanzo chake. Orodha ikiwa na "sepereta imeziba", "sepereta imepasuka" na "kibomba cha kurudisha oili kimeziba", baada ya mwaka utajua ugonjwa wa kompresa yako. Orodha ikiwa ndefu mno, watu huchagua "nyinginezo" na historia inakuwa tupu. Misimbo 10 hadi 15 kwa aina moja ya mashine inatosha.

Maelezo ya hatua ndani ya oda nayo yasiwe ya mkato. "Badilisha sepereta" haitoshi. Yaandikwe: zima na funga umeme kwa kufuli, toa hewa yote hadi geji isome sifuri, ngoja ipoe, fungua kifuniko, safisha kibomba cha kurudisha oili, weka gasketi mpya. Halafu hatua ambayo fundi mgeni huikosea: kwenye gasketi za sepereta nyingi kuna vipini vidogo vya chuma, kama vya stepla. Vinaonekana kama takataka ya kiwandani, na mtu huving'oa ili gasketi ikae vizuri. Vimewekwa makusudi vipeleke umeme tuli kwenye bodi ya mashine. Vikiondolewa, cheche inaweza kuruka ndani ya mvuke wa oili na kuwasha moto. Sentensi hiyo moja iwe kwenye oda kila inapotoka.

Spea itolewe stoo kwa namba ya oda. Ikitolewa kwa jina la idara tu, gharama itaonekana kwa mhasibu, lakini historia ya kompresa haitaonyesha kwamba ilipata sepereta.

Kisha kufunga oda. Sepereta ilipaswa kubadilishwa mita ikisoma 4,000, ikabadilishwa kwenye 4,500. Ijayo iwe 8,000 au 8,500? Programu hukuachia uamue kwa asilimia ya kuhamisha ucheleweshaji. Kwa sepereta weka 100, ucheleweshaji wote uhamie na ijayo iwe 8,500, kwani umri wake unaanza siku ilipofungwa. Kwa ukaguzi wa tangi la hewa unaotakiwa kwa tarehe maalumu weka 0, la sivyo kila kuchelewa kutasukuma ukaguzi unaofuata mbele zaidi.

Ukishaweka 100, saa ya kufunga inakuwa namba nyeti. Fundi alimaliza Jumanne, karatasi ikakaa mezani, karani akafunga oda Jumatatu iliyofuata kwa usomaji wa mita wa siku hiyo. Siku 6 mara saa 24 ni saa 144 ambazo sepereta mpya imeshafanya kazi na programu haizihesabu. Kwa hiyo kadi ya kazi iwe na nafasi ya tarehe na usomaji wa mita, fundi aijaze akiwa bado amesimama mbele ya kompresa, na karani aingize namba hizo, si za siku anayofungua kompyuta.