Alama ya Jumla au Alama ya Kifaa Chenyewe?

Ukifungua maktaba ya KiCad (programu ya kuchorea saketi na bodi zake) inayoitwa Device, utakuta alama kama R, C, L na D. Hizo ni alama za jumla: zinakuambia hapa pana rezista au kapasita, basi. Thamani, ukubwa na namba ya mtengenezaji unajaza mwenyewe. Maktaba nyingine zina alama za vifaa mahsusi, mfano transista 2N3904, ambayo huja na mpangilio wa miguu, futiprinti (ramani ya mahali miguu inapochomelewa kwenye bodi) na kiungo cha datashiti (karatasi ya maelezo ya mtengenezaji). Ninapochagua kati ya hizo mbili najiuliza jambo moja: nikikosea kifaa, kuna kitakachonishtua kabla bodi haijatengenezwa?

Kwa transista, mara nyingi hakuna. Shika BC547, upande bapa ukikutazama na miguu ikielekea chini: kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. Fanya hivyo hivyo kwa 2N3904: emita, besi, kolekta. Zote ni za aina ya NPN, zote zina umbo la TO-92, na kwenye mchoro zinafanana kabisa. Ukiweka alama ya jumla yenye mpangilio wa moja, kisha ukanunua nyingine, ukaguzi wa programu utapita bila neno, kwa sababu namba za pini zinalingana na futiprinti. Na bodi haifi papo hapo. Transista iliyogeuzwa, kolekta mahali pa emita, bado hukuza mkondo, ila kidogo sana, na kiungo chake cha emita na besi kimepangiwa kuhimili volti 6 tu kinyumenyume. Kwenye saketi ya volti 12 utahangaika kutafuta hitilafu ambayo mchoro hauionyeshi hata kidogo. Ndiyo maana sitaki kabisa alama ya jumla kwa transista.

Rezista ya 10 kΩ ni habari nyingine. Miguu miwili, haina mbele wala nyuma, na watengenezaji kadhaa wanatosha. Kuichorea kila thamani alama yake ni kuijaza maktaba bure. Kapasita ya seramiki, hata hivyo, inadanganya: 10 µF ya X5R (aina mojawapo ya seramiki) katika umbo dogo inaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake ikikaribia volti iliyoandikwa. Hapo "10 µF" peke yake haitoshi. Nataka namba kamili ya mtengenezaji.

Tangu KiCad 7, iliyotoka 2023, maktaba inaweza kusoma hifadhidata. Umbo la rezista linachorwa mara moja, kisha kila mstari wa jedwali la hifadhidata unakuwa kifaa kamili chenye thamani, futiprinti na namba yake. Kwa kazi za uzalishaji napendelea njia hii kuliko zote.

Nikikagua mchoro wa mtu mwingine, baada ya transista naenda kwenye regyuleta, kifaa cha kudhibiti volti. 7805 na LM317 zote hupatikana kwa umbo la TO-220, lakini pini ya 1 ya 7805 ni ingizo, na ya LM317 ni ya kurekebishia volti. Alama iliyoandikwa "REG" tu nairudisha kwa mwenyewe.