4,294,967,297 si namba tasa

Ukiigawa kwa 3, 7, 11 au 13 inabaki baki, basi wengi huhitimisha kuwa ni tasa. Hata Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa, alijikwaa hapa. Namba hii ni 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1. Kwa vipeo 1, 2, 4, 8 na 16 jibu ni 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote tasa, naye akaamini mfuatano hauvunjiki. Mwaka 1732 Euler, mwanahisabati wa Uswisi, akauvunja: namba hii ni 641 × 6,700,417.

Ili kuthibitisha utasa wake ungelazimika kujaribu namba tasa zote hadi 65,536, na 641 ni ya 116 tu katika orodha hiyo. Ipo njia fupi: kila kigawo tasa cha namba hii, ukikipunguza 1, hugawanyika kwa 64. Zinazobaki za kujaribu ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Majaribio matano, kwa kalamu tu!

Hakiki mwenyewe: 6,700,417 × 600 ni 4,020,250,200, mara 40 ni 268,016,680, jumlisha na 6,700,417 yenyewe. Tahadhari na kikokotoo cha tarakimu 8: namba hii ina 10.