Kigoda kilichoishia machinjioni

Majuzi mwanafunzi wangu wa tafsiri aliniletea kazi yake niipitie. Ilikuwa makala ya utalii kuhusu mji wa York, kaskazini mwa Uingereza, na mtaa maarufu wa huko uitwao The Shambles alikuwa ameuita "Mtaa wa Mashamba". Simlaumu. Sikio la Mswahili likisikia "shambles" linakwenda moja kwa moja kwenye shamba, mikunde na majembe. Lakini maneno haya mawili hayana undugu hata chembe, na aliponiuliza maana yake hasa ni nini, nilijikuta nazungumza saa nzima bila kumaliza. Ndiyo sababu naandika.

Mwingereza wa leo akisema "it's a shambles", anamaanisha mambo ni shaghalabaghala. Mkutano usio na ajenda, ambao mwenyekiti kachelewa na hakuna anayejua zamu ya kusema ni ya nani, ni "shambles". Chumba ambacho nguo, sahani na karatasi vimelala pamoja sakafuni nacho ni "shambles". Kamusi nyingi za Kiingereza na Kiswahili zinaishia hapo: fujo, vurugu, mchafuko. Maana hiyo ni sahihi, ila ndiyo kitinda mimba. Imezaliwa mwanzoni mwa karne ya 20. Neno lenyewe lina zaidi ya miaka elfu, na mwanzo wake ulikuwa mpole kabisa: kigoda.

Warumi walikuwa na neno "scamnum", yaani benchi, na udogo wake "scamellum", kibenchi. Makabila ya Kijerumani yaliliazima mapema sana. Kijerumani cha leo bado kina "Schemel", kigoda, na Kiingereza cha kale kilikuwa na "sceamel", kilichotamkwa karibu na "sheamel". Ushahidi mzuri kuliko wote naupata katika Injili zilizotafsiriwa kwa Kiingereza cha kale mwishoni mwa karne ya 10. Katika Mathayo 5:35, pale Yesu anapokataza kuapa kwa nchi kwa sababu nchi ni mahali Mungu anapowekea miguu yake, mtafsiri aliandika "fotscamul": kigoda cha miguu. Kwa hiyo neno ambalo leo ni tusi kwa mkutano uliovurugika liliwahi kuwa jina la dunia nzima mbele ya Muumba wake. Nikiusoma mstari huo husimama kidogo kila mara.

Hiyo "b" ya katikati ilitoka wapi, maana haimo katika "sceamel"? Ilitoka mdomoni. Tamka "m", midomo imefungwa. Sasa pitia haraka kwenye "l". Midomo ikifunguka kabla ulimi haujakaa sawa, "b" inachoropoka yenyewe bila kukusudiwa. Ndivyo Waingereza walivyopata "thimble" kutoka "thymel" na, kupitia Kifaransa, "humble" kutoka "humilis" ya Kilatini. Sisi hatuna haki ya kuwashangaa. Tunasema ulimi mmoja, lakini ndimi mbili. Mti mrefu, lakini kamba ndefu. Hiyo "d" nayo imezaliwa na ulimi unaotafuta njia fupi kutoka "n" kwenda kwenye "l" au "r".

Turudi kwenye kigoda. Ubao juu ya miguu ni ubao juu ya miguu. Ukiwa mfupi unakalia, ukiwa mrefu unapanga bidhaa. Kufikia karne ya 14 "shamel" ilikuwa meza ya muuzaji sokoni, na upesi ikawa hasa meza ya muuza nyama. Wauza nyama walikaa pamoja, meza kwa meza, kwa hiyo watu wakasema neno hilo kwa wingi, "shambles", wakiwa na maana ya sehemu nzima. Ile "s" ya wingi haijatoka mpaka leo, ingawa kitu kinachotajwa ni kimoja. Mwingereza anasema "a shambles", umoja na wingi vikiwa vimekalia kiti kimoja, wala hahisi ajabu yoyote.

(Na kwa kuwa tumefika kwenye nyama: neno letu bucha limetoka kwa "butcher" ya Kiingereza, ambayo ilitoka katika Kifaransa cha kale, ambako mzizi wake ni "bouc", beberu la mbuzi. Bucha la kwanza kabisa, kwa kufuata neno, ni la mchinja mabeberu.)

Ule mtaa wa York ndio mahali ambapo historia hii unaweza kuigusa kwa mkono. Zama za kati uliitwa Fleshammels, yaani meza za nyama. Hata kabla ya hapo, katika ule uandikishaji mkubwa wa mali uliofanywa Uingereza mwaka 1086 kwa amri ya mfalme William, inatajwa kwamba Robert wa Mortain, ndugu wa mfalme kwa mama, alikuwa na mabenchi mawili katika soko la nyama la York. Karani aliandika kwa Kilatini, "bancos". Neno hilo hilo la benchi ndilo lililotupa benki, kupitia kwa wabadilisha fedha wa Italia waliofanya kazi zao juu ya benchi. Benki na benchi, kwetu maneno mawili yasiyosalimiana, ni watoto wa babu mmoja.

Majengo ya mtaa huo mengi yamesimama tangu karne ya 14 na ya 15. Ghorofa za juu zimetokeza mbele kuliko za chini, upande huu na upande ule, hata zinakaribia kugusana, na jua linapata shida kufika chini. Kwa nyama iliyotundikwa nje, kivuli hicho kilikuwa na faida kubwa. Chini ya madirisha bado zipo rafu pana za mbao zilizopangwa nyama, na juu yake kulabu za chuma zilizotundikiwa. Njia ya waenda kwa miguu imeinuliwa pande zote mbili ili katikati pabaki kama mfereji: wachinjaji walimwaga maji, na damu na utumbo vikafuata mteremko. Mwaka 1872 palikuwa bado na maduka 25 ya nyama. Sasa hakuna hata moja, na watalii wanapiga picha chini ya kulabu tupu. Mtaa huo unamkumbuka pia Margaret Clitherow, mke wa mchinjaji, aliyeshtakiwa kwa kuwaficha mapadre wa Kikatoliki. Alikataa kujibu mashtaka, na mwaka 1586 akauawa kwa kulazwa chini ya mlango uliorundikwa mawe. Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 1970. Simtaji kwa ajili ya neno. Namtaja kwa sababu siwezi kuandika kuhusu mtaa ule nikamruka.

Kwa hiyo kwa muda mrefu "shambles" lilikuwa neno la kawaida kabisa la mtu anayekwenda kununua kitoweo. Fungua Biblia ya Kiingereza ya mfalme James, ya mwaka 1611, 1 Wakorintho 10:25: "Whatsoever is sold in the shambles, that eat". Biblia yetu ya Union Version inasema: "Kila kitu kiuzwacho sokoni kuleni". Wafasiri wetu waliandika sokoni, na inasomeka vizuri, lakini Paulo alisema "makellon", soko la nyama hasa, kwa kuwa shida ya Wakorintho ilikuwa nyama iliyotolewa kwa sanamu. Mwingereza wa leo akiusoma mstari ule katika tafsiri ya 1611 bila msaada, anadhani anaambiwa ale vinavyouzwa katikati ya vurugu.

Kuanzia karne ya 16 maana ilisogea tena hatua moja: kutoka meza ya nyama hadi mahali mnyama anapochinjiwa. Kutoka hapo hadi mahali popote palipojaa damu ya watu hapakuwa mbali. Shakespeare aliishi katikati ya mabadiliko hayo, na neno analitumia akiwa na harufu yake yote. Katika tamthilia ya "Othello", Desdemona anapomwambia mumewe, anayemshuku uzinzi, kwamba anatumaini mume huyo anamwona yeye kuwa mwaminifu, Othello anamjibu kwamba ndiyo, mwaminifu kama nzi wa kiangazi walivyo "in the shambles". Ukiweka "vurugu" hapo, umeua mstari. Nzi hawafuati vurugu. Wanafuata nyama mbichi wakati wa joto, na huko ndiko Othello anakomtupa mkewe kwa maneno.

Makosa ya namna hiyo nayajua, maana nimeyafanya. Nilipoanza kazi nilifasiri barua ya karne ya 18 ambamo mtumishi anatumwa "to the shambles" asubuhi na mapema. Nikaandika kwamba alitumwa kwenye fujo, kisha nikatunga sababu ya fujo hiyo ili aya inayofuata ieleweke. Mhariri alinirudishia na swali moja tu pembeni ya ukurasa: "Alirudi na nini?" Nikasoma tena. Alirudi na nyama ya ng'ombe. Tangu siku hiyo, nikikutana na neno hili hutazama kwanza mwaka wa maandishi, ndipo nifungue kamusi.

Karne ya 20 ililegeza neno. Damu ikakauka, kikabaki kile ambacho jicho linaona baada ya mambo kuharibika: vitu vimetapakaa, hakuna kilicho mahali pake. Hata hivyo ukali fulani haukutoka. Mwaka 2009 waandishi wa tamthilia moja ya BBC ya kuchekesha kuhusu siasa walilibandika "omni", yaani "-ote" kwa Kilatini, likawa "omnishambles": mambo yaliyoharibika kila upande unaotazama. Mwezi Aprili 2012 Ed Miliband, kiongozi wa upinzani, alilitumia bungeni kuishambulia bajeti ya serikali. Mwaka huo huo Mitt Romney, mgombea urais wa Marekani, alipotilia shaka maandalizi ya Olimpiki ya London, Waingereza wakamtungia "Romneyshambles", na mwisho wa mwaka kamusi za Oxford zikalichagua "omnishambles" kuwa neno la mwaka la Uingereza. Kitenzi "to shamble", kutembea kwa kukokota miguu, nacho wanaisimu wanakihusisha na meza zile zile: miguu iliyopinda kama ya meza ya mchinja nyama.

Niliyemwahidi kumpa mstari wa mazoezi ni yule mwanafunzi, na mstari wenyewe ni huu. Katika sehemu ya tatu ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfalme Henry VI, Duke wa York, mkuu anayedai ufalme, anaingia bungeni na silaha na kukalia kiti cha enzi. Wafuasi wa mfalme wanataka kumshambulia pale pale. Henry anakataa: haliwezi kuingia moyoni mwake wazo la "to make a shambles of the parliament-house". Masikio ya leo yanasikia "kulivuruga bunge", kama ile bajeti aliyoishambulia Miliband. Henry anaogopa maiti sakafuni.

Machinjio, basi. Lakini nilipokuwa nalitafutia "parliament-house" neno, nilikumbuka kwamba kwetu baraza ni kiti cha nje ya nyumba, watu wanapokaa kuzungumza, na kutoka kwenye kukaa huko tukapata Baraza la Mawaziri. Wahispania nao walilichukua lile "scamnum" la Warumi wakapata "escaño", ambalo leo ni kiti cha mbunge. Kumbe benchi hilo hilo linaweza kwenda kulia au kushoto. Nikamwandikia mwanafunzi wangu pendekezo langu, naye yuko huru kulikataa: "kuligeuza baraza hili kuwa machinjio".